C na D sio diski mbili: patisheni na mfumo wa faili kwenye kompyuta za zamani

Mtu anatoa kompyuta yake ya zamani mahali ilikokaa miaka kumi, au anachomoa ile diski peke yake anaipachika kwenye mashine nyingine ili atoe picha na barua zake, anasubiri kidogo, alafu kioo kinamwandikia kwamba diski hii haijafomatiwa, unataka kuifomati sasa? Na kwa kuwa swali limekuja kwa upole na kitufe cha ndiyo kiko pale pale, anabonyeza ndiyo. Nimeona watu wakipoteza kazi ya miaka kwa kitufe hicho kimoja na inaniuma kila mara, maana mara nyingi vitu vyao vilikuwepo vyote, vimelala pale pale vilipoachwa, kilichoharibika ni kipande kidogo sana cha mwanzo.

Kwa hiyo ukiona swali hilo bonyeza hapana kwanza, alafu twende taratibu.

Mkanganyiko ni mwingi na unatoka kwa watu wanaojua kompyuta pia. Chukua zile herufi C na D unazoziona ukifungua kompyuta, utasikia weka kwenye D ndo salama kwa sababu ni diski nyingine. Utasikia ukifuta faili na ukamwaga lile pipa la takataka basi limeondoka duniani. Utasikia fomati inasafisha kila kitu, diski ya gigabaiti 500 imepunjwa 35, D yangu imepotea baada ya kuongeza diski ya pili kwa hiyo imekufa. Yote hayo yanatoka sehemu moja, kwamba tunadhani diski inajua mafaili yetu, wakati diski yenyewe haijui faili ni kitu gani, haijui folda, haijui C wala D.

Sasa diski inajua nini? Diski za zamani ni sahani zilizopakwa sumaku zinazozunguka, na kuna kichwa kidogo kinachosogea ndani na nje kusoma na kuandika. Uso wa sahani umegawanywa kwenye njia za duara, na kila njia imekatwa vipande vinavyoitwa sekta. Sekta moja ina baiti 512, na baiti moja chukulia ni kama herufi moja. Hesabu ya flopi inasaidia kuona hili vizuri kwa sababu ni ndogo, ile flopi ya megabaiti 1.44 ina nyuso 2, kila uso una njia 80, kila njia ina sekta 18, ukizidisha unapata sekta 2,880, mara baiti 512 unapata baiti 1,474,560, na hapo ndo flopi nzima imeisha. Kompyuta inaiambia diski nipe sekta ya namba fulani na diski inaleta baiti 512, au inaiambia andika hizi baiti 512 kwenye namba fulani nayo inaandika. Kazi yake imeishia hapo.

Chukua ghala kubwa limejaa makasha, yote yana ukubwa mmoja na kila moja limeandikwa namba ubavuni, hakuna jina la mwenye mali wala la kilichomo. Ukiingia humo bila karatasi yoyote utaona makasha tu. Ili ghala litumike unahitaji vitu viwili, mistari ya chokaa sakafuni inayosema kuanzia kasha hili mpaka lile ni eneo moja, na ndani ya kila eneo daftari la mtunza ghala linalosema barua ya fulani iko kasha la 5, inaendelea la 6, inamalizikia la 9. Mistari ya chokaa ndo patisheni. Daftari ndo mfumo wa faili. Ukishika hivi viwili kwamba ni vitu tofauti, na kwamba vyote viwili vimeandikwa ndani ya makasha yale yale na vinaweza kuharibika wakati mali iko salama, mengine yote yanakuwa mepesi.

Mistari ya chokaa

Patisheni kwenye kompyuta za aina ya PC zilianza mwaka 1983, IBM ilipotoa PC XT yenye diski ya megabaiti 10 pamoja na PC DOS 2.0, DOS ikiwa ndo mfumo endeshi wa kompyuta kabla ya Windows. Mpangilio wao ulikuwa rahisi na ukadumu kwa miongo. Sekta ya kwanza kabisa ya diski inaachwa kwa kazi maalum, watu wanaiita MBR, na zile baiti zake 512 zimegawanywa hivi, baiti 446 za mwanzo ni programu fupi ya kuwashia mashine, baiti 64 zinazofuata ni jedwali la patisheni, na baiti 2 za mwisho ni alama ya kuthibitisha kwamba sekta hii ni halali, alama yenyewe ni 55 AA.

Tazama zile 64. Kila patisheni inaandikwa kwenye mstari wa baiti 16, na 64 ukigawa kwa 16 unapata 4. Ndo maana diski ya zamani inakataa patisheni kuu ya tano, kuu ni zile zinazoandikwa moja kwa moja kwenye jedwali hili, nafasi ya kuiandika haipo kwenye karatasi hata kama diski yenyewe iko tupu nusu nzima. Kila mstari unasema mambo machache, kama patisheni hii ndo ya kuwashia mashine au la, inaanzia sekta gani, ina sekta ngapi, na namba moja ya aina inayoonyesha ni mfumo gani wa faili unategemewa ndani yake, 06 ni FAT16, 07 ni NTFS, 0B ni FAT32, 83 ni ya Linux, mfumo endeshi mwingine wa bure.

Watu walitaka zaidi ya nne, kwa hiyo mwaka 1987 DOS 3.3 ikaleta njia ya kuzunguka. Mojawapo ya zile nne inafanywa kuwa mfuko, na ndani ya mfuko unaweka patisheni nyingine nyingi. Kila moja ya hizo za ndani ina kijijedwali chake kinachosema mimi niko hapa na mwenzangu anayefuata yuko pale, zimeshikana kama mnyororo. Ni mbinu nzuri ila ina udhaifu mmoja, pete moja ya mnyororo ikiharibika zote zinazofuata zinapotea machoni, na nadhani hii ndo sababu watu wengi walishangaa E na F zimetoweka kwa pamoja wakati C na D bado zinafunguka.

Ukifuta patisheni kwa FDISK, ile programu ya DOS ya kugawa diski, unachogusa kimsingi ni ule mstari wa baiti 16, umefuta chokaa, makasha hata moja halijasogea. Kwa hiyo diski ikionekana tupu kabisa, haina patisheni hata moja, uwezekano mkubwa ni kwamba ile sekta ya kwanza imeandikwa juu na kitu kingine, virusi vya zamani vya kuwashia mashine vilipenda kukaa hapo, au mtu alikosea amri. Mipaka inaweza kuandikwa upya kama ilivyokuwa na vitu vikarudi kama vile hakuna kilichotokea.

Herufi sasa. A na B ziliachiwa flopi kwa sababu kompyuta za mwanzo zilikuwa na flopi moja au mbili bila diski ngumu, C ikawa ya diski ngumu ya kwanza. Hizo herufi kwa sehemu kubwa hazijaandikwa kwenye diski, zinagawiwa upya mashine inapowaka. DOS na Windows 95 na 98 zilikuwa na utaratibu wao, kwanza zinapita kila diski na kuipa herufi patisheni kuu ya kwanza, alafu ndo zinarudi kugawia zile za ndani ya mfuko. Sasa una diski moja yenye C ambayo ni kuu, na D ambayo iko ndani ya mfuko, ukaongeza diski ya pili yenye patisheni kuu. Mashine inapita, C ya diski ya kwanza, D anapewa mgeni wa diski ya pili, na ile D yako ya zamani inasukumwa kuwa E. Unafungua D unakuta tupu, moyo unaruka, programu zilizokuwa zinatafuta vitu vyake kwenye D zinagoma, na ukitulia ukafungua E unakuta kila kitu. Windows 2000 na XP zilipunguza fujo hii kwa sababu zinakumbuka herufi zilizogawa.

Na lile la D kuwa salama? Nusu ni kweli. Ukipiga Windows upya na ukafomati C peke yake, D haiguswi, na kwa hilo tu kutenganisha vitu vyako kulikuwa na maana sana enzi ambazo Windows ilipigwa upya kila baada ya miezi. Lakini C na D kwenye diski moja ziko kwenye sahani zile zile, mota ni ile ile, vichwa ni vile vile. Kichwa kikigusa sahani au mota ikigoma kuzunguka zinakwenda zote pamoja. Kuna pia zile CD za kurudisha mashine kama ilivyotoka kiwandani, baadhi zilikuwa zinaandika diski nzima upya kuanzia sekta ya kwanza, mistari ya chokaa na yote, kwa hiyo mtu aliyeamini D yake haiguswi alikuta haipo. Nakala ya kweli ni ile iliyo kwenye kifaa kingine, mimi kwenye hili sitabadilisha mawazo.

Daftari la mtunza ghala

Ukishachora mipaka, eneo bado halitumiki mpaka uweke daftari, na kuweka daftari ndo kufomati. Mfumo wa faili uliotawala kompyuta za zamani unaitwa FAT na uzuri wake ni kwamba unaweza kuuelewa wote kwa kikao kimoja.

FAT haihesabu sekta moja moja, inazikusanya kwenye mafungu yanayoitwa klasta, mfano sekta 4 au 8 au 64 kwa fungu, na faili linapewa klasta nzima nzima. Alafu kuna sehemu mbili za daftari. Ya kwanza ni orodha ya folda, ambapo kila faili lina mstari wa baiti 32 wenye jina, tarehe, ukubwa na namba ya klasta ya kwanza. Jina lenyewe lilipewa baiti 11 tu, herufi 8 za jina na 3 za aina, ndo maana mafaili ya DOS yana majina kama BARUA.TXT na RIPOTI~1.DOC, ile alama na namba vikionekana ujue jina refu limefupishwa. Windows 95 ilipoleta majina marefu ya mpaka herufi 255 haikubadilisha huo mstari, ilitumia mistari ya ziada ya folda kubebea jina refu na kuacha lile fupi kwa ajili ya programu za zamani.

Sehemu ya pili ndo jedwali lenyewe la FAT. Lina kisanduku kimoja kwa kila klasta, na ndani ya kisanduku kuna namba ya klasta inayofuata. Tuseme orodha inasema BARUA.TXT inaanzia klasta 5. Mashine inasoma klasta 5, alafu inaenda kwenye jedwali kisanduku cha 5 inakuta 6, inasoma 6, kisanduku cha 6 kinasema 9, inasoma 9, kisanduku cha 9 kinasema mwisho. Barua imekamilika. Kisanduku chenye sifuri maana yake klasta hiyo iko huru. Jedwali hili ni muhimu kiasi kwamba kwa kawaida linawekwa nakala mbili, moja baada ya nyingine.

Umeona barua iliruka kutoka 6 kwenda 9? Labda 7 na 8 zilikuwa na faili la mtu mwingine. Huko ndo kutawanyika kwa mafaili. Diski ikitumika miaka, faili moja linaweza kuwa vipande mamia huku na huku, na kwa kuwa kichwa lazima kisogee kimwili kwenda kila kipande, mashine inakuwa nzito hata kama haina virusi. Ile programu ya kupanga diski upya, ambayo watu walikaa wanatazama viboksi vya rangi vikihama usiku kucha, kazi yake ilikuwa kukusanya vipande vikae jirani. Ilisaidia kweli. Kwenye diski za kisasa za SSD hakuna kichwa cha kusogea kwa hiyo hiyo kazi haina faida, inazichosha tu kwa kuziandika bure.

Zile namba za 12, 16 na 32 zinazofuata jina FAT ni ukubwa wa kisanduku kwa biti (biti 8 ni baiti moja), na hapa ndipo mipaka yote maarufu inapozaliwa. Flopi ilitumia 12. FAT16 ina visanduku vya biti 16, kwa hiyo namba za klasta haziwezi kuzidi kama 65,000 na kidogo, na klasta kubwa ya kawaida ilikuwa kilobaiti 32, zidisha unapata gigabaiti 2. Ndo mwisho wake. Ukiwa na diski ya gigabaiti 6 enzi hizo ulilazimika kuikata vipande vitatu utake usitake, na wengi waliorithi mashine zenye C, D, E walidhani fundi alifanya hivo kwa urembo.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kukata, nayo ni nafasi inayopotea. Klasta ikiwa ya kilobaiti 32, barua yako ya baiti 100 inachukua kilobaiti 32 nzima, iliyobaki inakaa tupu na hakuna faili lingine linaruhusiwa kuingia humo. Kwa wastani kila faili linapoteza kama nusu klasta, kwa hiyo mafaili 1,000 yanakula karibu megabaiti 16 za hewa, ambazo kwa diski ya wakati ule ni nyingi mno. Patisheni ya FAT16 isiyozidi megabaiti 512 ilitumia klasta za kilobaiti 8 au chini, kwa hiyo kukata diski vipande vidogo kulirudisha nafasi.

FAT32 ilikuja mwaka 1996 na toleo la pili la Windows 95 lililouzwa pamoja na mashine mpya. Klasta zikarudi kuwa ndogo, kilobaiti 4 kwa patisheni ya mpaka gigabaiti 8, na ukomo wa gigabaiti 2 ukavunjika. Lakini ule mstari wa baiti 32 kwenye orodha ya folda ulibaki na baiti 4 tu za kuandikia ukubwa wa faili, na baiti 4 haziwezi kuandika namba inayofika gigabaiti 4. Hili linawasumbua watu mpaka leo, flashi ya gigabaiti 32 iko tupu, unataka kuweka video moja ya gigabaiti 5, inakuambia faili ni kubwa mno, unadhani flashi ni feki. Flashi ni nzima, imefomatiwa FAT32, na daftari lake halina safu ya kutosha kuandika namba hiyo.

Umeme ukikatika je? FAT haina kinga. Kuandika faili ni hatua kadhaa, kuandika klasta, kubadilisha jedwali, kubadilisha orodha, na umeme ukikatika katikati unabaki na mnyororo kwenye jedwali ambao hakuna jina linaloumiliki. Hizo ndo klasta zilizopotea ambazo ScanDisk, programu ya kukagua diski, ilikuwa inazikuta, na ukikubali inazigeuza kuwa mafaili yenye majina kama FILE0000.CHK. Usiyafute hayo bila kuyatazama, nimekuta barua nzima ya mtu humo. NTFS, mfumo mwingine wa faili ambao ulikuja na Windows NT 3.1 mwaka 1993 na ikaingia majumbani kwa wingi na XP ya 2001, ilitatua hili kwa kuweka shajara, yaani kabla ya kugusa daftari inaandika kwanza pembeni mabadiliko inayotaka kufanya, mashine ikizimika ghafla inaporudi inasoma shajara na kumaliza au kurudisha nyuma. Linux nayo ilipata kitu cha aina hiyo ilipotoka mfumo wake wa faili wa ext2 kwenda ext3 mwaka 2001. Elewa tu shajara hii inalinda daftari, ile aya uliyokuwa unaandika bila kuihifadhi haimo.

Kufuta na kufomati, hapa ndo watu wanaumia

Ukifuta faili kwenye FAT kinachotokea ni kidogo kuliko unavyodhani. Herufi ya kwanza ya jina lake kwenye orodha inabadilishwa na alama maalum, E5, na visanduku vyake kwenye jedwali vinarudishwa sifuri. Klasta zenyewe, maneno yako na picha zako, hazijaguswa. DOS 5 ya 1991 ilikuja na amri ya UNDELETE na ilikuwa inakuuliza herufi ya kwanza ya jina ilikuwa ipi, kumbe ilikuwa inauliza kwa sababu hiyo ndo herufi pekee iliyopotea. Ubaya ni kwamba mnyororo umefutwa, kwa hiyo inabidi ikisie kwamba faili lilikaa kwa kufuatana, na kama lilikuwa limetawanyika utapata mwanzo mzuri na mwisho wa faili la mtu mwingine.

Kwa hiyo ukifuta kitu kwa makosa, la kwanza ni kuacha kuandika kwenye diski hiyo. Kila dakika unayoendelea kutumia mashine, Windows yenyewe inaandika vitu vyake na inaweza kuchagua klasta zako maana zimeandikwa huru. Mtu anafuta picha, anashtuka, anapakua programu ya kurejesha mafaili na kuiweka kwenye diski ile ile, na programu ya kuokoa inaketi juu ya picha alizokuja kuziokoa. Izime, chomoa diski, ifungue kutoka mashine nyingine.

Fomati ya haraka ni hivyo hivyo ila kwa ukubwa, inaandika daftari jipya tupu, sekta ya mwanzo ya patisheni, jedwali na orodha ya juu kabisa, basi. Ndo maana inamaliza kwa sekunde. Na ile fomati kamili inayochukua saa nzima? Kwenye Windows XP na zilizotangulia, kwa diski ngumu, ule muda wote ilikuwa inasoma sekta moja moja kutafuta mbovu, data ya zamani haikuwa inafutwa. Kwa flopi ilikuwa tofauti, huko kila kitu kiliandikwa upya kweli. Kuanzia Windows Vista fomati kamili ikaanza kuandika sifuri kwenye patisheni yote.

Hili badiliko lina makali pande mbili. Aliyezoea XP akijua hata ukifomati kuna namna ya kurejesha, akifanya hivyo kwenye Windows mpya kwa fomati kamili hapati kitu. Na aliyeuza au kugawa kompyuta ya zamani baada ya kuifomati kwa XP akiamini imesafishika, ameigawa na barua zake za benki na picha za watoto wake ndani, mtu yeyote mwenye programu ya bure na subira anazisoma. Kama unatoa mashine ya zamani, andika sifuri diski nzima kwa programu ya kufanya kazi hiyo, mara moja inatosha, zile hadithi za kuandika mara 35 haziihusu diski yako.

Gigabaiti zimeenda wapi

Hapa nitapita haraka. Watengenezaji wa diski wanahesabu gigabaiti kama baiti bilioni moja, Windows inagawa kwa 1,073,741,824 lakini inaandika neno lile lile. Diski ya 500 inaonekana 465, ya 40 inaonekana 37, na hakuna baiti iliyoibiwa.

Kuna kupungua kwingine ambako ni kwa kweli, kunatokana na mashine kuwa ya zamani kuliko diski. Kompyuta za kale zilitaja sekta kwa anwani ya vipande vitatu, silinda (yaani njia ya duara ile ile kwenye nyuso zote), kichwa na sekta, na ukomo wake ulikuwa silinda 1,024, vichwa 16 na sekta 63, zidisha na 512 unapata kama megabaiti 528, diski kubwa zaidi ya hapo ilionekana nusu nusu. Ukaja ukomo wa gigabaiti 8.4, alafu wa gigabaiti 137 ambao unatokana na anwani ya biti 28. Huu wa mwisho uuogope, ukiweka diski ya gigabaiti 250 kwenye XP isiyo na maboresho ya kwanza ya 2002, kuandika kupita mpaka kunaweza kuharibu vilivyopo. Na ule wa terabaiti 2 unatokana na jedwali la patisheni lenyewe, lina biti 32 za kuandikia namba ya sekta, mara baiti 512, zikiisha zimeisha. Jedwali jipya linaloitwa GPT liliondoa hilo, linabeba patisheni 128 na linaweka nakala yake mwishoni mwa diski. Wabunifu wake walifikiria mashine za zamani, kwenye sekta ya kwanza wanaweka MBR ya kulinda yenye mstari mmoja unaosema eneo hili lote limeshikwa, ili programu za kale zisione diski tupu zikaanza kuchora mistari. Ukiona kitu hicho kwenye XP ya kawaida, hiyo diski ina mali ndani, usiifute.

Turudi kwenye lile swali

Mashine ikisema diski haijafomatiwa inachomaanisha ni kwamba nimefika mahali daftari linapotakiwa kuwa na sijaona daftari ninalolijua. Inawezekana ni la lugha nyingine tu. Windows 98 haisomi NTFS, XP haisomi patisheni za Linux, na XP bila maboresho haisomi exFAT inayotumika kwenye flashi na kadi za kisasa. Diski nzima kabisa, imepelekwa kwa msomaji asiyejua lugha hiyo, jaribu mashine nyingine au CD ya Linux inayowaka bila kuinstoliwa, maana Linux inasoma karibu zote hizi.

Inawezekana pia ni kebo imelegea au kile kiboksi cha kuchomekea diski kwenye USB hakitoi umeme wa kutosha, badilisha hivyo kwanza maana havigharimu data.

Kama ni daftari kweli limeharibika, kuna akiba ambazo watu hawazijui. FAT32 kwa kawaida huweka nakala ya sekta yake ya mwanzo kwenye sekta ya 6 ya patisheni, NTFS huweka nakala mwishoni kabisa mwa patisheni. Programu ya bure ya TestDisk inaweza kuzitafuta nakala hizo na kurudisha, na inaweza kupita diski nzima ikitafuta mahali mipaka ya patisheni ilipokuwa. Mwenzake PhotoRec haijali daftari kabisa, inafungua kasha moja moja ikitafuta vitu vinavyoanza kama picha au kama waraka, kwa hiyo utapata mafaili bila majina yake wala folda zake, lakini utayapata. Kabla ya kutumia yoyote kati ya hizo, nakili diski yote sekta kwa sekta kwenye diski nyingine na ufanyie majaribio kwenye nakala, ili ukikosea bado unayo ile ya asili.

Ila kama diski inagonga, ile sauti ya tak tak inayojirudia, hapo shida imetoka kwenye daftari imeingia kwenye vichwa na sahani, na kila sekunde inayozunguka inaweza kuwa inakwangua. Usiijaribu mara ya pili, chomoa umeme, na kama kilichomo kina thamani mpelekee mtu anayefungua diski kwenye chumba kisicho na vumbi.